Urea ya Kila Asubuhi

Kila mwanafunzi mpya alipoingia maabara, Mwalimu hakumuuliza jina wala alama zake za mtihani. Alimkabidhi bika ya kioo yenye maji nusu, akamwambia, "Shika kwa mikono miwili, usiiachie." Halafu akaanza kumimina urea, chembe nyeupe zinazofanana na sukari, huku akikoroga kwa kijiti cha kioo. Baada ya dakika chache bika ilikuwa baridi kama imetoka kwenye friji, na mwanafunzi alikuwa akibadilisha vidole. Mimi siku yangu nilipiga kelele, "Mwalimu, inaganda!" Alicheka mpaka akavua miwani.

"Haigandi, mwanangu. Inayeyuka. Na ili iyeyuke inataka joto, sasa inachukua la kwako."

Tulimzika mwezi uliopita. Watu waliosimama kumzungumzia siku hiyo walimsema vizuri, na yote waliyoyasema ni kweli. Mimi sikusimama, ingawa mke wake aliniomba mara mbili. Nilimkosea mtu huyu nilipokuwa fundi wake wa maabara baada ya masomo, nikakaa miaka tisa bila kumwambia, na nilipomwambia alikuwa amebakiza wiki tatu za kuishi. Nalisema hili mapema ili msomaji asinione mtu mwema kwa sababu tu najua kumsifia marehemu.

Alifundisha baiokemia katika chuo kimoja hapa Kigali. Alikulia Tanzania kama mimi, na jambo hilo ndilo lililotuunganisha kwanza, maana darasani alifundisha kwa Kiingereza kama kanuni inavyotaka, lakini jambo likiwa gumu, au akikasirika, aliangukia Kiswahili. Wanafunzi waliokulia hapahapa walinong'onezana kwa Kinyarwanda kuulizana amesema nini. Yeye alingoja wamalize kutafsiriana, akaendelea. Kwa hiyo wengi wetu tuna daftari za chuo zenye Kiingereza kurasa nzima, na katikati sentensi mbili tatu za Kiswahili, na hizo ndizo tulizokwenda nazo kwenye mtihani.

Kazi yake ya maisha ilikuwa urea. Namaanisha urea ya maabara, iliyo safi, ambayo ukiiweka nyingi ndani ya maji yenye protini, protini inafunuka, inapoteza umbo lake na kazi yake. Lakini nenda ukaeleze hivyo Kibagabaga, alikokuwa akiishi. Majirani walijua urea moja tu, ile mbolea ya magunia. Walisikia kuna profesa wa urea mtaani, basi kila msimu wa mvua walimgongea geti kuuliza mahindi yawekewe lini. Mwalimu hakuwahi kumwambia mtu kwamba hajui. Aliwasikiliza, akauliza rangi ya majani, akatafakari kwa uso wa daktari bingwa, akasema, "Ngojeni wiki mbili." Jibu lilikuwa hilo kwa mahindi, kwa maharage na kwa migomba. Mke wake, aliyelima bustani ya dodo, ule mchicha, nyuma ya nyumba bila kumuuliza kitu, alisimama mlangoni akishika mdomo asicheke.

"Huyu muzehe hajui hata jembe," aliniambia siku moja. "Mimi napanda, yeye iko nakula, halafu watu wanakuja uliza yeye."

Katika vitabu imeandikwa kwamba ndani ya protini kuna sehemu zenye tabia ya mafuta, nazo hukusanyika katikati, mbali na maji, na mkusanyiko huo ndio unaoipa protini umbo. Wanafunzi hukariri kwamba sehemu hizo zinapendana. Mwalimu alikuwa mpole kwa makosa mengi, lakini hilo halikupita. Alipiga kofi mezani.

"Hazipendani! Nani kakwambia zinapendana? Wanaopendana ni maji. Maji yameshikana mikono, na hayataki kuachana kwa ajili ya mgeni asiyeshikika. Basi mgeni anasukumwa. Na mwingine anasukumwa. Wanajikuta wako pamoja, wewe unapita unasema, oh, wanapendana."

Halafu ilikuja harusi. Kila mwaka alisimulia harusi ileile, na kila mwaka tulicheka. Kuna kundi limetoka mbali, halimjui mtu, limejikunja kwenye kona ya ukumbi, viti vimegusana. Sasa anatokea mama mmoja mchangamfu anayejuana na kila mtu. Anakaa kidogo na huyu, anamvuta yule, anasema njoo nikuonyeshe dada yangu. Nusu saa haijapita, ile kona haipo tena. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefukuzwa. "Huyo mama ndiye urea," alisema. "Hakwenda kuvunja kile kikundi. Aliufanya ukumbi ukalike, na wale watu wakakosa sababu ya kujikunja." Mtu akiuliza guanidini je, maana nayo inafanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kidogo zaidi, alijibu kwamba huyo ni dada wa yule mama, ila ana sauti kubwa.

Kichekesho ni kwamba yeye mwenyewe kwenye harusi hakuwa na faida. Nimehudhuria naye zisizopungua tano. Alitafuta kiti cha ukutani, akaomba Fanta ya chungwa, akaishika hadi ikapata joto mkononi. Mke wake alizunguka ukumbi mzima akisalimia, akakumbatia, akarudi na habari za watu ambao Mwalimu alikuwa amekaa nao ofisi moja miaka mingi bila kujua kama wana watoto. Mtu huyo aliyeeleza urafiki kwa wanafunzi mia mbili hakuweza kumwambia jirani wa meza habari za hali ya hewa.

Mara moja tu nilimwona akikataa mfano. Ilikuwa mwezi wa nne, siku zile za kuwakumbuka waliouawa katika mauaji ya kimbari, ambazo jiji zima huongea kwa sauti ya chini. Alikuwa ameeleza jinsi protini iliyofunuliwa na urea inavyoweza kurudi kujikunja urea ikiondolewa, na kijana mmoja wa mstari wa mbele, mtoto mwerevu na mwenye nia njema, akasema, "Mwalimu, basi ni kama sisi. Tulifunuka, na tumerudi." Mwalimu alichukua kifutio akafuta ubao wote, hata sehemu ambazo hatukuwa tumenakili. Alipogeuka, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Protini haikumbuki," alisema. "Ndiyo maana inaweza. Usinifananishie watu na kitu kisichokumbuka."

Akatoka, ikiwa imebaki nusu saa. Kesho yake alifika na maandazi kwenye karatasi, aliyoyanunua Nyamirambo kwa mama wa pekee ambaye Mwalimu aliamini maandazi yake, akayaweka mbele ya yule kijana na kuendelea na somo. Hakuomba msamaha kwa maneno. Sikuwahi kumsikia akiomba kwa maneno, labda mara moja, nami nitaisema.

Alikuwa bahili wa ajabu. Zile ncha ndogo za plastiki za pipeti, ambazo duniani kote zinatumiwa mara moja na kutupwa, yeye aliziosha kwa maji yaliyochujwa na kuzianika dirishani kwenye kitambaa, kama mtu anayeanika karanga. Glovu aliziandikia majina. Bahasha kuukuu zilikuwa daftari zake. Lakini mtu huyohuyo, kila jioni, alichukua chupa ya urea iliyobaki, hata kama ni robo tatu, akaimwaga kwenye sinki bila kuitazama mara mbili. Urea ilitufikia kwa tabu, kwa barua nyingi na kungoja kwingi, na sisi tuliumia tukiiona inakwenda na maji.

Sababu aliieleza kila alipopata nafasi. Urea iliyoyeyushwa leo ni mgeni mstaarabu, inaingia, inafunua protini, ukiiondoa inaondoka na haiachi kitu. Ikikaa, inaanza kuharibika kidogo kidogo, na ndani yake inazaliwa sianati. Sianati inang'ang'ania protini. Ukiondoa urea, yenyewe inabaki pale imeshika, na protini haiwezi tena kujikunja ilivyokuwa. Joto linazidisha mambo. "Kwa hiyo usiipashe na usiilaze," alisema. "Kila asubuhi mpya. Andika tarehe kwenye chupa. Jioni mwaga." Tulimwigiza nyuma ya mgongo wake, na mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote.

Nikumbuke pia siku ile msichana mmoja alipovunja kijichupa cha kupimia mwanga, kile cha kioo ghali cha kwatzi, kimoja tu tulichokuwa nacho. Alikwenda ofisini kwake akiwa na vipande kwenye kiganja. Sisi tulisimama koridoni tukingoja kelele. Tulimsikia Mwalimu akisema, "Asante kwa kuniambia leo. Ungeniambia kesho ningekuwa nimepima upuuzi siku nzima." Miezi minne hatukupima kitu. Hakumkumbusha hata mara moja. Mtu akisikiliza hadithi yangu anauliza kwa nini sikumwambia, alikuwa mkali sana? Hapana. Nilijua kabisa angenijibu nini.

Basi kosa lenyewe. Kulikuwa na protini moja ya maharage ambayo vitabu vinasema ikishafunuliwa hairudi, inaganda mabonge. Mwalimu hakukubali. Alisema watu wanaitoa kwenye urea kwa pupa, zile sehemu za mafuta zinakurupuka na kushikana ovyo, kila moja na iliyo karibu. Akaiweka kwenye mfuko mwembamba unaopitisha urea na kuzuia protini, akautumbukiza kwenye maji yenye urea pungufu kidogo, kisha pungufu zaidi, kisha zaidi, siku tano nzima. Alifanya kwa mikono yake mwenyewe, na ilirudi. Mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya mara ya tatu alitununulia brosheti, mishikaki ya hapa, maabara nzima, yeye anayeosha ncha za plastiki. Akaandika makala, akaituma kwa jarida moja, wakamjibu kwamba ni nzuri, ila arudie majaribio mara kadhaa kwa maharage ya mavuno mengine.

Wakati huo nilikuwa nimejifungua. Mtoto alikuwa na miezi minne, nimemwacha Nyamirambo kwa mama mkwe, maziwa yakinijaa kifuani mchana kutwa. Kazi yangu ilikuwa kuandaa vitu kabla Mwalimu hajafika, na kuyeyusha urea nyingi kiasi kile bila kuipasha kunachukua karibu saa nzima, unakoroga tu, mikono inakufa ganzi. Siku moja nikaiweka juu ya jiko dogo la maabara. Ikayeyuka mara moja. Nikatengeneza chupa kubwa, ya kunitosha siku nyingi, nikaificha kabatini. Kila asubuhi niliijaza ile chupa yake ndogo kutoka kwenye ile kubwa, nikafuta tarehe ya jana, nikaandika ya leo. Saa niliyookoa nilikaa na mwanangu. Jioni Mwalimu alimwaga kilichobaki, nami nikamtazama akimwaga, na kusema kweli nilijiona mjanja.

Protini haikurudi. Alirudia, ikaganda. Alibadilisha maharage, ikaganda. Alibadilisha mfuko, alibadilisha chumvi, alizima hata feni. Alishuku kila kitu isipokuwa urea, kwa sababu chupa ilikuwa na tarehe ya asubuhi hiyo na mwandiko wangu. Sikuunganisha mambo, hilo naomba niaminiwe. Niliona kanuni yake ni ushamba wa wazee, basi sikuifikiria. Mwishowe aliwaandikia wale wa jarida kwamba anaiondoa makala, kwamba alikosea. Barua yenyewe nilimchapia mimi. Nilimuuliza kama ana hakika, akasema, "Kitu kisichojirudia si kweli, mwanangu."

Wiki iliyofuata, Jumapili, nilikwenda maabara peke yangu. Sijui nini kilinisukuma. Nadhani ni ile sura yake. Niliyeyusha urea mpya kwa mikono, taratibu, nikafuata hatua zake zote kwa siku tano, nikaja kupima Ijumaa baada ya wote kuondoka. Ilikuwa imerudi. Mstari ulipanda kwenye karatasi pale pale ulipopanda mara tatu za mwanzo. Nilikaa sakafuni, nikiwa na glovu zilizoandikwa jina langu, nikalia kama mtu aliyefiwa. Nikajiambia Jumatatu namwambia.

Jumatatu Mwalimu alituita akatuambia anaacha kufanya majaribio. Ataendelea kufundisha tu, vijana wachukue meza. Hakueleza sababu. Nikapeleka chai, tukamuaga kama anahama nchi, wakati anahama chumba. Nikasema moyoni, nikimwambia sasa nitafukuzwa kazi, na mtoto mdogo, na mume hana kibarua cha maana. Nikasema nitamwambia mwezi ujao. Miezi ikawa mwaka. Nikapata nafasi ya kusoma zaidi, barua ya kunisifu aliandika yeye, kurasa mbili, na ndani yake kulikuwa na neno mwaminifu. Baada ya barua ile ningesemaje?

Na kila mwaka aliwafundisha wanafunzi kosa lake. Ndiyo, alilifanya somo. Aliwachorea mstari uliopanda na mstari uliolala, akasema, "Huu nilitaka kuuona, na huu ndio ukweli. Protini ya maharage hairudi. Mimi nilidanganywa na hamu yangu." Wanafunzi walimpenda zaidi siku hiyo kuliko siku zote. Mimi nilikaa nyuma, kwanza kama fundi, baadaye kama mwalimu mwenzake, na mwaka baada ya mwaka nilisikiliza mtu mkweli kuliko wote niliowajua akisema uongo nilioutengeneza.

Figo zake zilianza kushindwa akiwa amestaafu. Mara tatu kwa wiki alikwenda hospitali kusafishwa damu. Mke wake alimpeleka kila mara, hadi Jumanne moja aliponipigia.

"Leo mimi iko na mazishi, ni mbali. Wewe enda na muzehe. Kaa naye mpaka mashine inamaliza, halafu umurudishe nyumbani. Wewe ni kama mtoto wake, wengine anawakataa."

Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomwona macho yakiwa wazi. Alikuwa kwenye kile kiti cha kuegemea, blanketi magotini, damu yake ikitoka kwenye mrija mmoja na kurudi kwenye mwingine. Alikuwa amekonda, shingo imekuwa ndogo kwenye kola. Lakini aliponiona alichangamka, na kabla sijakaa vizuri alikuwa ananionyesha kichujio.

"Tazama! Mfuko wetu uleule. Mimi ndiye niko ndani sasa. Urea inapita, mimi nabaki."

Muuguzi aliyekuwa akisoma mashine alitikisa kichwa. "Kila siku muzehe ananifundisha," aliniambia. "Nitapata digirii bure."

Nilicheka nao. Akaendelea, maana akianza haachi. Alisema urea ikikaa nyingi kwenye damu siku nyingi, nayo inazaa sianati vilevile kama kwenye chupa, na inashika damu yenyewe, wanaweza hata kuipima. "Ile ya chupa iliyolala, unaikumbuka? Nilikuwa nawapigia kelele." Alitabasamu. "Mlikuwa mnaniigiza. Nilikuwa nasikia."

Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa na sentensi nzuri niliyoitunza miaka yote, na haikutoka. Nilisema tu, "Mwalimu, urea ya maharage haikuwa mpya."

Hakuelewa. Nikarudia. Nikasema ni mimi, wakati mtoto ni mdogo, kwamba niliilaza. Akauliza kama anavyomuuliza mwanafunzi kwenye mtihani wa mdomo.

"Siku ngapi?"

"Ya kwanza siku kumi na moja. Nyingine zaidi."

"Uliipasha?"

"Niliipasha, iyeyuke haraka."

"Na tarehe kwenye chupa?"

"Nilifuta, nikaandika mpya. Kila asubuhi."

Alifumba macho. Niliona midomo inakwenda, anahesabu kitu. "Baadaye ulijaribu na mpya?"

"Mara moja. Baada ya wewe kuondoa makala."

"Ikawaje?"

"Ilirudi, Mwalimu. Yote."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukifunguka namna ile. Alijiinua kwenye kiti hadi mashine ikalia, akamwita muuguzi kwa Kinyarwanda kwa sauti ya darasani. "Yaragarutse! Umva, yaragarutse!" Muuguzi alikuja mbio, akamlaza tena, akaninong'oneza, "Nani iko amerudi? Mtoto wake?" Mwalimu alikuwa akicheka, machozi yakimtiririka pembeni ya pua, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mkono mmoja una mirija. Nilimfuta kwa kitambaa changu. Nikafikiri, Mungu wangu, kumbe ilikuwa rahisi hivi. Nikafikiri nimesamehewa.

Kicheko kikapungua, kikaisha. Akawa anautazama ule mkono wake ulio huru, juu ya blanketi. Aliufungua, akaufumba.

"Mimi nilidhani ni mikono yangu," alisema.

Nilikikunja kile kitambaa kilicholowa.

"Ilikuwa imeanza kutetemeka kidogo. Kidogo sana. Nikasema basi, ndiyo inayoharibu. Ndiyo maana niliacha." Alizungumza taratibu, bila ukali wowote. "Sikumwambia mtu. Mke wangu nilimwambia nimechoka. Ulipoleta ile chai, ulikuwa umeshajua?"

"Ndiyo."

"Tangu Ijumaa?"

"Tangu Ijumaa."

"Na lile somo. Kila mwaka ulikuwa umekaa pale nyuma."

"Nilikuwa pale, Mwalimu. Nisamehe."

Kisha akasema, "Wale watoto, niwieni radhi," na hakuwa akiniambia mimi, bali wanafunzi wake wote. Aligeuza uso upande wa dirisha.

Mashine ilionyesha saa mbili na dakika kumi zimebaki. Yeye hakuweza kuondoka kwa sababu ya mirija, nami sikuweza kuondoka kwa sababu nilikuwa nimeahidi kumrudisha nyumbani. Tulikaa. Muuguzi alileta chai ya maziwa, vikombe viwili, akatutazama mmoja baada ya mwingine, akaviweka na kwenda zake. Yake ikapoa, yangu ikapoa. Mara mbili nilifungua mdomo, na mara zote mbili aliinua kidole kimoja tu kutoka kwenye blanketi, nikanyamaza. Hakuwa amelala. Nililia bila sauti, na alijua nalia, na hakugeuka.

Mwishowe walimchomoa mirija, wakambana mkono kwa pamba na plasta. Alitakiwa kusimama. Miguu yake baada ya kusafishwa damu ilikuwa haina nguvu kabisa, mke wake alikuwa amenionya. Aliketi kwenye ukingo wa kiti akitafuta mtu wa kumshika, akamtazama muuguzi, lakini muuguzi alikuwa ameinama kwa mgonjwa wa mbali. Akaangalia mlangoni, na hapakuwa na mtu. Nikasogea nikanyoosha mkono, nikaushikilia hewani muda mrefu mno. Akaushika, kwa kuwa hapakuwa na mwingine, akaniegemea kwa uzito wake wote, ambao haukuwa mwingi, na tukatembea hatua kwa hatua mpaka kwenye gari.